SEHEMU YA 6: Antivairasi yako inalinda brauza gani?

Mama zangu, na nyie baba mnaosoma kimyakimya. Leo siongelei uji wala homa. Naongelea simu, maana ndo imebeba hela ya maziwa, ada na nauli ya kliniki.

Juzi mama mmoja alileta mtoto kupimwa uzito, uso umemshuka. Alikuta tangazo la "mkopo wa akina mama" kwenye mtandao wa kijamii, akabonyeza linki, akajaza namba ya simu, namba ya siri, hadi ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwa meseji. Hela ya kikoba ikaondoka, na mweka hazina ni yeye. Akaniambia, "Nesi, mi nina antivairasi! Fundi alinichaji elfu tano kuniwekea."

Nikamuuliza linki ilifungukia wapi. Humohumo ndani ya app. Tukafungua antivairasi yake, sehemu ya ulinzi wa wavuti: imeandikwa Chrome. Basi.

Jamani, mnajua chanjo. BCG tunampa mtoto anapozaliwa kwa ajili ya kifua kikuu. Ya surua na rubela anapata miezi 9 na tena miezi 18. Hakuna mama anayesema "mtoto wangu ana BCG, surua haimpati." Kila chanjo na ugonjwa wake. Antivairasi nazo kila moja ina brauza zake.

Kwenye simu za Android, antivairasi nyingi hulinda kwa kusoma anwani ya ukurasa unaoufungua. Inaweza kuisoma kwenye brauza ilizotengenezewa tu. Ukihamia brauza nyingine, au linki ikafungukia ndani ya app, huenda haioni kitu. Opera Mini tunaipenda kwa kuokoa bando, lakini ikiwa kwenye hali ya kubana sana, ukurasa unapita kwanza kwenye kompyuta za kampuni yake ndipo uje kwako. Soma habari huko. Mambo ya benki usiyafanyie huko.

Tena ili isome anwani hizo, antivairasi nyingi huomba ruhusa ya kuona yaliyo kwenye kioo chako. Ruhusa hiyohiyo ndiyo matapeli wanaitafuta kwa app zao feki. Kwa hiyo app ya ulinzi usiyoijua, iliyokuja kwa linki, ni sawa na sindano ya barabarani.

Maoni yangu: wengi wetu hatuhitaji kununua antivairasi. Chrome ina ulinzi wake wa kuonya kurasa za kitapeli, Firefox pia, na Play Store ina Play Protect inayokagua app. Ni bure. Shida ni kwamba hatusasishi, tunaogopa bando litaisha. Fanya hivi:

1. Chagua brauza moja ya mambo ya hela. Isasishe.
2. Linki ikifungukia ndani ya app, gusa vidoti vitatu, chagua kufungua kwenye brauza yako.
3. Kama una antivairasi, angalia inalinda brauza zipi. Yako haipo? Hiyo ni chandarua kwenye kitanda usicholalia.
4. Meseji ya kitapeli itume 15040, namba ya TCRA. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Na nyie mafundi wetu wa mjini Dodoma, mkimwekea mama antivairasi mwambieni inaishia wapi. Sisi manesi tukichoma sindano tunasema ni ya nini.

Lakini ukurasa uliotengenezwa leo asubuhi unaweza kuwa haujajulikana bado na ulinzi wowote. Na ukiandika namba ya siri kwa mkono wako mwenyewe, hakuna antivairasi itakayokushika huo mkono. Mkopo wa kweli hauombi namba ya siri.

Yule mama bado anadaiwa na wenzake wa kikoba. Mtumie hii mweka hazina wenu usiku huuhuu.

Sehemu ya 7: simu yako mikononi mwa mtoto.