Gari la Vita Likiwa Safi Sana, Linakudanganya

Naanza na msimamo wangu ndio ujue mapema kama tutakosana. Modeli ya gari la vita ikiwa safi kama imetoka dukani, inadanganya. Na ikiwa imepakwa kutu na tope kila mahali juu mwenyewe aliona video ya mtu akifanya hivo, bado inadanganya, ni vile tu sasa uongo umevaa mekapu. Uchafu wa gari ni ushahidi. Kama hujui gari lilipita wapi, mwezi gani, na nani alilisukuma likikwama, weka brashi chini kwanza usome.

Kwa wale hawajawahi kukutana na hii kitu: unanunua seti, boksi lenye fremu za plastiki zenye vipande vingi vidogo. Unakata, unapiga msasa, unabandika na gundi, unapaka rangi. Kipimo kinachopendwa sana kwa magari ya vita ni 1/35, yaani gari la ukweli limegawanywa mara 35. Mtu wa urefu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 5. Usidhani kuna hesabu kali nyuma ya hiyo namba. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ukubwa wake ukaamuliwa na betri na mota zilizofaa kutoshea ndani. Dunia nzima ikafuata. Kuunda ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kuchakaza: kulifanya gari lionekane limeishi, limepigwa jua, limebeba watu, limegonga miti.

Na hapo ndio wasee wengi wanaharibu.

Shule nzuri ya kuchakaza iko bure, iko steji. Angalia matatu imekaa barabarani miaka miwili. Rangi haijatoka kila mahali. Imetoka mlangoni pale makanga anashika, kwa ngazi pale watu wanakanyaga, na kwa kona ya bampa pale dere aliforce kuingia. Vumbi limekaa chini na nyuma ya magurudumu, sio kwa paa. Mvua imechora mistari kutoka juu kwenda chini, juu maji hayatembei kando. Weusi wa moshi uko pale ekzosi inatoka. Kila doa lina sababu, na kila sababu iko na mtu. Gari la vita ni hivo hivo. Watu walipandia mahali pamoja kila siku, wakakanyaga mahali pamoja, wakamwaga mafuta mahali pamoja.

Sasa mtu anachukua kifaru, anakipaka kutu ya machungwa bodi nzima, anasema ni uhalisia. Buda, gari la kazi lina fundi. Lina rangi, lina grisi, na lina sajini anayepiga watu kelele wakiacha uchafu. Bomba la moshi litashika kutu haraka kwa sababu joto linaunguza rangi. Lakini gari zima kuwa la machungwa? Hilo limetupwa, limekaa kwa mvua miaka. Kama hiyo ndio stori yako, sawa, weka na majani yakiota ndani. Kama unasema liko vitani, basi umechanganya stori mbili.

Wacha nikupe mfano wangu. Nilichagua gari la deraya la Rolls-Royce, muundo wa 1914. Ndio, Rolls-Royce ile ile ya matajiri. Waingereza walichukua chasisi ya Silver Ghost, wakaivalisha mabamba ya chuma, wakaweka juu mnara unaozunguka na bunduki ya mashine ya Vickers inayopozwa kwa maji. Uzito wake ni kama tani 4. Ukipata seti yake, angalia magurudumu kabla hujafungua gundi: muundo wa 1914 ulikuwa na spoki za waya, ule wa 1920 ulikuwa na diski. Ukichanganya, umejenga gari ambalo lilikuwa halijazaliwa.

Mbona hilo? Juu lilikuja hapa kwetu. Tarehe 12 Februari 1916, magari ya deraya ya aina hiyo yalikuwa Salaita, kilima kidogo upande wa Taveta. Jeshi la Uingereza, wengi wao siku hiyo wakiwa Waafrika Kusini, lilitaka kuwang'oa Wajerumani na askari wao Waafrika. Mizinga ikapiga juu ya kilima. Shida ni kwamba mahandaki yenyewe yalikuwa chini. Shambulio likafeli. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts akawazunguka, na Wajerumani wakaondoka pale wenyewe.

Sasa ona vile hiyo tarehe moja inaamua rangi zangu zote. Februari ni jua kali, mvua ya masika haijafika. Kwa hivyo hakuna tope. Kuna vumbi. Na njia yenyewe ni Voi, Maktau, Mbuyuni, halafu Salaita, yaani unatoka nchi ya vumbi jekundu. Umewahi kuona picha za ndovu wa Tsavo wakiwa wekundu kama matofali? Hiyo ndio rangi. Ukitaka tope, hamisha kalenda hadi Aprili 1916, mvua imeanza, magari yamezama, na jeshi zima limesimama. Gari moja, miezi miwili tofauti, modeli mbili tofauti kabisa. Msee anayepaka tope zito halafu anaandika Februari, anatuambia hakusoma.

Jinsi ya kufanya sio siri. Kwanza rangi ya msingi, halafu rangi ya gari, tabaka nyembamba, usimwage kama unapaka geti. Ukitaka rangi iliyochubuka, kuna ujanja wa sprei ya nywele: unapuliza sprei juu ya rangi ya chini, unapaka akriliki juu yake, halafu unalowesha na maji na kusugua pole pole na brashi ngumu. Akriliki inabanduka kidogo kidogo pale unataka. Mikwaruzo midogo unaipiga na kipande cha sponji, na rangi yake iwe kahawia iliyokolea, sio fedha. Chuma kinachong'aa kinaonekana tu pale kunasuguliwa kila siku.

Ikishakauka, puliza vanishi ya kung'aa, halafu chukua rangi ya mafuta ya kahawia, iyeyushe na tapentaini, na uiache iingie kwa maungio na kuzunguka ribiti. Hiyo ndio inafanya kila kipande kionekane. Ukimaliza, vanishi isiyong'aa, na vumbi linakuja mwisho kabisa.

Vumbi lenyewe si lazima uagize. Saga chaki ya rangi iwe unga. Udongo wa ukweli pia unafanya kazi, lakini piga hesabu: kwa kipimo cha 1/35, punje ya milimita moja ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Kwa hivyo kausha, twanga, uchuje na stokingi kuukuu mpaka ubaki unga unaoelea hewani. Mimi udongo wangu niliuomba kwa rafiki yangu anayetoka Voi, akanibebea kwa chupa ya dawa. Nina gari la plastiki lenye udongo halisi wa njia ile. Hakuna duka litaniuzia hiyo.

Najua mtaniambia nini. Ya kwanza: ati hizi ni toy za watoi. Poa. Mwambie mtoi aingize bunduki ya milimita chache kwa tundu la mnara bila kuivunja, halafu akuelezee kwa nini Wajerumani waliondoka Salaita. Ya pili: ati ni pesa imepotea. Seti si bei rahisi, na kuisafirisha hadi Nairobi kunauma, sitakataa. Lakini seti moja imenipa kazi ya miezi mitatu ya jioni. Gawanya hiyo doo kwa siku, linganisha na bando unayomaliza ukiangalia watu wengine wakifurahia maisha yao. Halafu urudi tuongee.

Ya tatu ndio nzito, na siichukulii mchezo: ati natukuza vita. Ati hapa tunapozika vijana, hapa ambapo watu wameona magari ya deraya mtaani wakati wa maandamano, mimi nakaa kwa meza napamba chombo cha kuua. Hilo swali ni halali. Jibu langu ni hili: kinachotukuza vita ni lile gari safi. Lile la kwenye boksi, linang'aa, moto nyuma, hakuna maiti, hakuna mbu, hakuna kuhara. Ukilipeleka gari kwenye uchafu wake wa ukweli, unaanza kuuliza maswali ambayo picha ya boksi haitaki uulize. Maji ya kupoza bunduki yalitoka wapi kwa ile nyika kavu? Nani aliyabeba? Petroli nayo?

Na hapo ndio unakutana na watu ambao boksi haliwataji.

Ukishuka Kariokor kununua viatu vya ngozi au kula nyama choma, unatamka jina lao bila kujua. Kariokor inatokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam, hivo hivo. Vita ile ilikuwa kwa nchi ambayo wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo na magari yalizama kwa mvua, kwa hivyo mizigo ilipanda vichwani mwa watu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, hasa 1917. Walikufa makumi ya maelfu, na kilichowaua zaidi sio risasi. Ni magonjwa, njaa na uchovu. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za kuwakumbuka, na maandishi kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Tunazipita tukikimbilia matatu.

Majina yao, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa kwa jiwe lolote. Mwaka wa 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikubali kwamba wengi waliokufa, wakiwemo Waafrika wa Afrika Mashariki, hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao Wazungu. Ikaomba msamaha. Zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Kwa hivyo modeli ya Rolls-Royce peke yake, hata ukiichakaza vizuri namna gani, inasema nusu ya ukweli. Ndio maana karibu na yangu niliweka watu watano. Boksi langu lilikuwa na gari tu, bila hata mtu mmoja. Nilifinyanga wapagazi kwa waya mwembamba na plasta ya epoksi, sentimita tano kila mmoja, mizigo kichwani. Nilichukua wiki tatu, na niliwapaka vumbi lile lile, kutoka kwa chupa ile ile. Vumbi halikubagua nani yuko ndani ya chuma na nani yuko miguu chini.

Mtu akija kwangu, anaanza kuangalia gari. Mnara, ribiti, spoki. Halafu anauliza, "Na hawa ni nani?" Hilo swali ndio sababu naifanya hii kazi. Mathe yangu aliuliza, nikamwambia, akanyamaza, kisha akaniambia kwao kuna mzee ambaye jina lake lilibaki kwa hadithi tu, alienda "vita ya Wajerumani" na hakurudi. Nimemjua mamangu miaka yangu yote na sikuwa nimewahi kuskia hiyo stori. Ilitolewa na gari la plastiki lenye urefu wa kalamu.

Sisemi kila mtu ajenge Rolls-Royce. Unapenda vifaru vya Wajerumani kwa theluji ya Urusi? Jenga, ni haki yako. Lakini dunia iko na watu wengi sana wa kujenga hizo, na udongo wa huko hujawahi kuukanyaga. Huku kwetu kuna magari yanangoja. Kuna yale ya deraya ya Marmon-Herrington ya Waafrika Kusini, kwenye vita iliyoanzia Kenya na kufika Addis Ababa Aprili 1941. Kuna malori yaliyozama kwenye tope la bonde la Kabaw, Burma, 1944, wanajeshi wa Afrika Mashariki wakiwa ndani ya ile mvua. Hizo ni stori zenye jamaa zetu ndani, na nyanya mahali fulani bado anakumbuka kipande.

Kwa hivyo ukikaa chini na seti yako, jiulize maswali matatu kabla ya rangi: lilikuwa wapi, lilikuwa mwezi gani, na nani alitembea kando yake? Ukijibu hayo, brashi itajua pa kwenda. Na hao wa kando, wajenge pia. Hawaji kwa boksi.