Cheni mpya, tenshena ileile



Mwezi Agosti nilipewa lifti kutoka Njombe kwenda Makambako, mwendo wa kilomita kama 60, na kijana wa parokia yetu anayefanya biashara ya viazi. Gari lake ni Toyota Celica ya mwaka 2000, la milango miwili, lililokaa chini kama linataka kuruka. Alipoliwasha alfajiri, na baridi ya Njombe ya Agosti unaijua, injini ilitoa mlio kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Baada ya muda mfupi ukanyamaza.

"Ndiyo kawaida yake asubuhi, Padre," akaniambia, akaongeza sauti ya redio. Kwaya ikatufunika hadi Makambako.

Tulipokaribia pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya kwenda Tunduma, mlio ulirudi, na safari hii haukunyamaza. Tukaingia gereji. Fundi, mtu mzima, hakushika spana kwanza. Alichomoa dipstiki ya oili. Ilitoka karibu kavu.

"Bwana mdogo, mara ya mwisho umeongeza oili lini?"

Kijana akatazama chini.

Fundi alitueleza kwa subira. Injini za Celica za miaka ile zinajulikana kwa kula oili, kwa hiyo mwenye gari hapaswi kusubiri taa iwake. Ndani yake kuna cheni inayounganisha krenki ya chini na kemshafti za juu. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja, na vali hufunguka na kufunga kwa zamu yake. Anayeizuia cheni hiyo isilegee ni tenshena, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Husukuma reli inayoegemea cheni, kwa nguvu ya springi na ya oili. Oili ikipungua, tenshena hukosa nguvu, cheni huanza kupigapiga, nayo reli huliwa. Cheni ikiruka meno, katika injini nyingi vali hugongana na pistoni. Hapo hutengenezi tena, unatafuta injini nyingine.

Kijana aliuliza bei, akapiga hesabu, akasema, "Fundi, niwekee cheni tu. Hivyo vingine vitasubiri."

Fundi akakataa. "Cheni mpya juu ya tenshena ileile na reli zilizoliwa? Utarudi hapa kabla ya Krismasi, na utasema nimekuibia. Tubadilishe vyote, au nifunge boneti uende."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinichoma mimi kuliko kijana yule. Juma moja kabla ya hapo, mweka hazina wa kikoba kimoja cha wanajumuiya wetu alisimama mbele ya wenzake, akakiri kwamba fedha za hisa alizitumia kwa mambo yake. Alilia. Akaomba msamaha hadharani. Watu wakamkumbatia, wakaimba. Mimi niliyealikwa kusuluhisha niliwahi kupiga makofi, nikatoa baraka ili tutawanyike. Nyuma kabisa mama mmoja mjane akauliza kwa sauti ndogo, "Na mbolea yangu, Baba?" Fedha zile ndizo alizotegemea kwa msimu wa kupanda. Nilimjibu kwamba Mungu atafungua njia. Nilikuwa nimeongeza sauti ya redio.

Mtazame Zakayo katika Injili ya Luka, sura ya 19. Hakuishia kushuka kwenye mkuyu na kumkaribisha Yesu nyumbani kwa furaha. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa aliyedhulumiwa, kurudisha mara nne. Ndipo Bwana akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Kanisa linafundisha vivyo hivyo. Kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Katekisimu, namba 1459, inaeleza kwamba ondoleo huiondoa dhambi, lakini haliponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo. Aliyeiba hana budi kurudisha. Nasema wazi kwamba sisi mapadre tuna sehemu yetu ya lawama hapa. Tunapenda machozi kwa sababu yanamaliza kikao mapema. Msamaha usiomuuliza aliyeumizwa anadai nini humwachia yeye gharama yote.

Lakini hata kurudisha fedha bado ni cheni tu. Sanduku la kikoba kile lina kufuli tatu, na utaratibu unataka funguo zishikwe na watu watatu. Kwa miezi mingi zote tatu zilikuwa mfukoni mwa mweka hazina, kwa sababu tulimwamini, na kumdai funguo kungeonekana ni kumvunjia heshima. Kumbe tulikuwa tunamnyima kitu ambacho kingemlinda. Zile funguo za wenzake ndizo zilizokuwa tenshena yake.

Nilirudi kwa kikundi kile, nikaomba radhi kwa haraka yangu. Tukakaa tena, safari hii na daftari. Mweka hazina aliuza nguruwe wake wawili, na mjane akapata sehemu ya kwanza. Sehemu iliyobaki imeandikiwa tarehe. Funguo sasa ziko nyumba tatu tofauti. Kazi haijaisha.

Na Celica? Spea zilitoka Dar es Salaam kwa basi: cheni, tenshena na reli zake. Kijana alilalamikia bei, akalipa. Siku hizi huchomoa dipstiki kabla ya kuwasha.

Ndugu yangu, kama kuna mlio unaousikia kila asubuhi ukiwa peke yako, zima redio kwanza. Halafu jiulize ni nani bado anasubiri mbolea yake.

Nakutakia Dominika njema.