Tusiuze saa za wazee wetu kwa mizani

Majuzi mnunuzi wa vyuma vikuukuu alifika kwetu Murera na mkokoteni wake. Nilipotoka nje nilimkuta ndugu yangu mdogo ameishika saa ya marehemu baba, tayari kuipima pamoja na sufuria zilizotoboka. Nilimzuia. Akaniuliza, "Kaka, saa iliyosimama miaka ishirini ina faida gani?" Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Baba alikuwa mpishi wa mlowezi mmoja katika mashamba ya kahawa ya upande wa Ruiru. Mlowezi huyo alipouza shamba baada ya uhuru na kurudi kwao, alimwachia baba saa hiyo. Imefunikwa kwa kuba la kioo, na chini yake tufe nne za shaba huzunguka polepole, zikienda na kurudi, mara nane kwa dakika. Kwa mwendo huo wa taratibu, hutiwa ufunguo mara moja tu kwa mwaka. Wajerumani walizitengeneza kwa wingi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Atakaye kuitambua yake na alitazame bamba la nyuma, ambapo mara nyingi pamechapwa alama ya kiwanda, kama vile Schatz au Kundo.

Fundi wa kwanza aliniambia kwamba imekufa. Haikuwa imekufa. Tufe zote huning'inia kwenye utepe mmoja wa madini, mwembamba kama unywele. Mtu akiihamisha saa bila kuzifunga tufe, utepe hupindika na saa husimama. Mzee mmoja, fundi wa saa mjini Thika, alitia utepe mpya wa unene unaofaa. Ukizidi kidogo saa hukimbia, ukipungua huchelewa. Kisha akaiweka mahali palipo sawa, akasikiliza mpaka mlio wa kwenda na wa kurudi ukalingana. Leo saa inatembea.

Wako watakaosema hizi ni mali za wakoloni. Nakataa. Baba aliipangusa saa hiyo kwa mikono yake miaka mingi kuliko yule aliyeinunua. Wengine watasema njaa haingoji. Ni kweli, wala sidai kwamba saa hizi ni dhahabu, kwani nyingi zilitengenezwa kwa maelfu. Lakini anayeuza asichokijua hupunjwa daima. Sheria nayo haitatuokoa: ile ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Saa ya baba haimo.

Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba mzee yule wa Thika hana mwanafunzi hata mmoja. Akiondoka, ataondoka na masikio yake na vidole vyake. Vyuo vya ufundi vya kaunti yetu ya Kiambu vinafunza useremala, ushonaji na umekanika. Je, vitashindwa kumpa mzee kama huyo meza moja na vijana watatu?

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Msomaji, kabla hujamwita mwenye mizani, ipangushe vumbi saa ya babako, ulisome bamba lake la nyuma, kisha umtafute fundi angali hai.