Hizi Kadi za Kupima Vipini Nani Alizichora?

Swali la haraka. Kati ya kipini geji 16 na geji 20, kipi kinene? Kama umesema 20, umekosa, na mko wengi. 16 ni kama milimita 1.2, 20 ni kama 0.8. Namba ikipanda, chuma inakonda!

Hii mambo ilitoka kwa mafundi wa waya. Waya ulikuwa unavutwa kupitia matundu, kila tundu dogo kuliko lililopita. Ukivutwa mara nyingi unakuwa mwembamba, na namba yake inakuwa kubwa. Kwa fundi wa waya hiyo ni sawa kabisa. Mimi nataka tu kipini cha pua, manze.

Sasa angalia ile kadi bapa ya kupimia. Saizi ya kadi ya ATM, ukingoni imekatwa mianya, kila mwanya na namba yake. Wazo ni safi: mwanya ambao kipini kinapita bila kulazimishwa na bila kucheza, hiyo ndiyo geji. Lakini nyingine zimeandikwa namba za geji pekee, milimita hakuna. Halafu kuna zile mianya yake inaishia kwa kiduara. Mtu anatumbukiza kipini kwa kiduara, anasoma namba, anaenda kununua. Kipimo ni ule mwanya mwembamba! Kiduara ni cha kutolea waya tu. Mshale mmoja mdogo ungemaliza hiyo stori, na hakuna aliyeuchora.

Na si mambo ya urembo pekee. Tundu lilitobolewa kwa 20, wewe unasukuma 16 kwa nguvu juu muuzaji amesema "inaingia wote". Ngozi inachanika, inavimba, inatoa usaha, na pua ni yako si yake.

Wengine mnatumia picha ya geji kwa simu. Kwa pete, inaweza kusaidia, bora ukague kwanza: weka kadi yako ya ATM juu ya ile iliyochorwa. Ya kweli ina upana wa milimita 85.6, kwa hivyo kama hazilingani, vuta picha hadi zilingane. (Pete unapima ndani, ukingo hadi ukingo, usihesabu chuma.) Lakini unene wa kipini? Kati ya 18 na 20 tofauti ni milimita 0.2. Kwa kioo cha simu hapo unabahatisha tu.

Mimi ningeichora hivi: ya chuma, kwa sababu plastiki inalika na mianya inapanuka. Milimita kwa maandishi makubwa, geji ndogo chini yake. Rula ukingoni ya kupima urefu, kwa sababu kipini cha urefu mbaya pia kinasumbua.

Na nyinyi wenye stoli za tao, mteja akiuliza ni milimita ngapi, "saizi ya kawaida" si jibu. Wekeni hiyo kadi kwa droo.