Vitabu huria vipo, nani atavihariri?

MWAKA 2001, Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani kilipotangaza kuweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo, wapo walioamini kuwa kilio cha uhaba wa vitabu katika vyuo vya Afrika kimesikika. Mwaka uliofuata UNESCO iliwakutanisha wataalamu mjini Paris, na nyenzo za namna hiyo zikapewa jina la nyenzo huria za elimu. Novemba 2019, nchi wanachama wa shirika hilo zikapitisha pendekezo la kuziendeleza.

Hata hivyo, wanafunzi wengi wa vyuo nchini Tanzania bado husoma kwa "madesa": kurasa zilizotolewa vivuli mara nyingi kiasi kwamba michoro yake haionekani, zinazouzwa katika steshenari zilizo jirani na lango la chuo. Kitabu chenyewe ni ghali, na nakala ya maktaba hugombewa na darasa zima.

Hapa ndipo neno "huria" linapopaswa kutazamwa kwa makini, kwani wengi hulichukulia kuwa sawa na "bure". Kitu cha bure huweza kuwa cha kusomwa tu. Kilicho huria huruhusiwa kunakiliwa na, kwa kawaida, kutafsiriwa na kubadilishwa, mradi mtunzi wa awali atajwe. Leseni nazo hazifanani. Ile ya MIT inakataza matumizi ya kibiashara, hivyo mhadhiri anaweza kugawa nakala darasani, lakini mwenye steshenari anayetafuta faida hana ruhusa hiyo.

Ruhusa ya kubadilisha ndiyo yenye thamani kubwa, nayo ndiyo inayosahaulika. Vitabu vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani ulioanza kuvitoa mwaka 2012, ni vizuri, lakini kile cha uchumi kinaeleza sera za fedha kwa mfano wa benki kuu ya Marekani. Kikifundishwa kama kilivyo, mwanafunzi wa Morogoro atayajua ya Washington kuliko ya Benki Kuu ya Tanzania.

Njia nyingine ilikwisha kuonyeshwa na TESSA, mpango wa mafunzo ya ualimu ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwa miongoni mwa washirika. Nyenzo zake, zilizopo pia kwa Kiswahili, ziliandaliwa ili kila nchi itie mifano yake.

Kazi hiyo huchukua miezi. Mhadhiri anayetaka kupanda cheo hutazamwa zaidi kwa makala zake za utafiti, si kwa kitabu cha mwingine alichokirekebisha. Na palipo na mazoea ya kuuza vitini, huenda hata akapoteza kipato. Vigezo vya kupanda vyeo hupangwa na serikali na vyuo vyenyewe, na kuvirekebisha hakuhitaji fedha za mfadhili yeyote.