Nakshi na Afya ya Akili: Fundi wa Kijijini Asiachwe Nje ya Wodi

Watu wengi huichukulia nakshi kuwa pambo tu. Mfinyanzi humaliza kwanza kukifinyanga chungu chake, kisha hukichora mistari shingoni. Na chungu hupika sawasawa hata kama hakina mistari hiyo. Kwa sababu hiyo nakshi huhesabiwa kuwa jambo la ziada, na hospitali, ambazo aghalabu zina uhaba wa dawa na watumishi, huona kuwa haiwahusu hata kidogo. Fikira hiyo yafaa ichunguzwe upya, hasa katika sehemu kama Mgwashi na vijiji vingine vya Milima ya Usambara, ambako kazi za mikono hazijasahaulika na daktari wa magonjwa ya akili hapatikani kwa urahisi.

Wasambaa wana msemo, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeanza utafiti wake Usambara katika miaka ya 1960, ameeleza kuwa msemo huo ulitumika kwa mtawala aliyeleta mvua na utulivu. Kuponya, kwa maana hiyo, si kuondoa maradhi peke yake, bali ni kurudisha mambo katika mpango wake. Tena, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1956, Hans Cory alieleza habari za vinyago vya udongo vilivyotumika katika unyago miongoni mwa Wasambaa na jirani zao. Kinyago kiliambatana na wimbo na fundisho. Jambo zito lililokuwa gumu kusemwa waziwazi lilipewa umbo, likashikwa mkononi, likafahamika.

Huko Ulaya wazo la namna hiyo lilipewa jina la kitaalamu baadaye. Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, alilazwa kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Katika kupona kwake alijiliwaza kwa kuchora, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 ndipo alipoanza kuiita kazi hiyo tiba kwa njia ya sanaa. Katika tiba hii mgonjwa hatafutiwi ufundi wala hapewi alama. Kinachotakiwa ni kwamba mikono ifanye kazi, mawazo yatulie mahali pamoja, na jambo lililojificha moyoni lipate njia ya kutokea, mbele ya mtaalamu anayejua kusikiliza.

Je, sayansi inasema nini? Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 39 wenye afya kabla na baada ya kushughulika na sanaa kwa dakika 45. Katika robo tatu hivi ya watu hao, kiasi cha kortisoli, homoni inayoongezeka mwilini wakati wa mfadhaiko, kilipungua, na wasio na uzoefu wa sanaa hawakukosa faida hiyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ikaonyesha kuwa sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi na katika kuwasaidia wagonjwa.

Hata hivyo haifai kuuficha upande wa pili. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu watu 417 wenye skizofrenia, haukuona kuwa vikundi vya tiba ya sanaa viliwapa nafuu zaidi ya huduma ya kawaida. Wengi waliopangiwa vikundi hivyo hawakuhudhuria ipasavyo. Fundisho lake ni wazi: sanaa haishiki mahali pa dawa, na mgonjwa hawezi kunufaika na shughuli asiyoiona kuwa yake.

Hapo ndipo mfinyanzi na msusi wa Usambara wanapokuwa na jambo la kutoa. Mwanamke aliyelelewa akitazama udongo ukikandwa, au mzee ajuaye kusuka kikapu, haingii katika shughuli ngeni anapopewa kazi hiyo wodini. Nakshi, kwa kuwa hurudiarudia umbo lile lile, haimtishi mtu kwa kumdai ubunifu mkubwa. Mstari wa kwanza humwonyesha njia ya mstari wa pili. Mwishoni mgonjwa hushika kitu kizima alichokitengeneza mwenyewe, naye huonekana na jamaa zake kama fundi, si kama mzigo.

Wala jambo hili haliko mbali na desturi ya hapa nchini. Katika milima hiyo hiyo ya Usambara, upande wa Korogwe, imo hospitali ya Lutindi, iliyoanza kuwatunza wagonjwa wa akili mapema katika karne ya 20, na ambayo wagonjwa wake hushiriki kilimo na kazi za mikono. Kazi ya namna hiyo na tiba ya sanaa si kitu kimoja, kwani katika tiba mazungumzo juu ya kilichotengenezwa ni sehemu ya matibabu. Lakini mlango umekwisha kufunguliwa.

Kinachohitajika sasa ni hatua ndogo zinazopimika. Wauguzi wafundishwe misingi ya tiba hii; mafundi wa vijijini waalikwe na walipwe kwa ujuzi wao; hali ya wagonjwa iandikwe kabla na baada, pamoja na wale ambao hawakupata nafuu. Dawa ziendelee kutolewa kama kawaida. Udongo upo, ukindu upo, na mikono inayovijua ipo. Haifai ujuzi huo ukae nje ya ukuta wa hospitali wakati ndani yake wamo watu wanaoshinda kutwa nzima bila kazi wala wa kuwasikiliza.