Kuzima na Kuwasha si Utafiti

Katika shule nyingi za sekondari zenye chumba cha kompyuta ipo desturi moja iliyokwisha kuzoeleka kiasi cha kutotiliwa shaka na yeyote. Intaneti ikikatika katikati ya kipindi, mtu mmoja, aghalabu mwanafunzi aliyeketi karibu na kona penye kisanduku chenye taa zinazometameta, huchomoa waya wa umeme wa kisanduku hicho, huhesabu hadi kumi, kisha huuchomeka tena. Baada ya dakika mbili kurasa hufunguka, darasa hushangilia, na mwalimu huendelea na somo lake. Hakuna aulizaye ni kitu gani kilichokuwa kimeharibika. Kesho yake, saa ile ile, waya huchomolewa tena.

Makala haya yanashikilia kwamba desturi hiyo, ingawa huleta nafuu ya muda, ni kinyume cha sayansi inayofundishwa katika chumba cha pili, penye mizani na mirija ya majaribio, na kwamba gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kisanduku kile ndicho lango la mtandao wa shule. Ndani yake mna daftari, na kuuchomoa waya ni kulifuta daftari hilo kabla halijasomwa.

KARANI WA SANDUKU LA POSTA

Kazi ya lango yaweza kufahamika kwa mfano ulio karibu na kila mwanafunzi wa bweni. Shule ina wanafunzi mia saba, lakini ina Sanduku la Posta moja tu. Na tuseme kwamba majina ya wanafunzi hayaruhusiwi kuandikwa juu ya barua zinazotoka. Hapo karani wa shule hana budi kuipa kila barua kumbukumbu namba, na kuandika katika daftari lake kwamba namba fulani ni ya mwanafunzi fulani wa bweni fulani. Mjibu barua huitaja namba ile ile. Jibu lifikapo, karani hulipekua daftari na kulipeleka jibu kwa mwenyewe. Barua yenye namba isiyomo daftarini hutupwa, kwa kuwa hakuna ajuaye ni ya nani.

Lango hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa kasi ya maelfu ya barua kwa sekunde. Kila kompyuta ya shule ina anwani ya ndani, mathalani 192.168.1.23, ambayo haina maana yoyote nje ya uzio wa shule. Pakiti ya data itokapo, lango huiondoa anwani hiyo na kuweka anwani yake lenyewe ya nje, mathalani 203.0.113.7, pamoja na namba ya poti, ambayo ndiyo kumbukumbu namba ya mfano wetu. Jibu lirudipo, lango huirudisha anwani ya ndani na kuipitisha pakiti kwa kompyuta iliyoomba. Kazi hii ndiyo iitwayo tafsiri ya anwani za mtandao.

Sababu ya kuwapo kwa karani huyu ni uhaba. Anwani za toleo la nne la kanuni za intaneti, zilizoelezwa katika waraka wa Septemba 1981, zina biti 32, na kwa hiyo jumla yake haiwezi kuzidi 4,294,967,296. Idadi hiyo ni ndogo kuliko idadi ya watu duniani leo, licha ya kwamba mtu mmoja aweza kuwa na simu, kompyuta na saa zinazohitaji anwani kila kimoja. Mwezi Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walitoa waraka uliopendekeza anwani za ndani zitumike tena na tena mahali mbalimbali, na lango lizitafsiri. Wenyewe waliliita suluhisho la muda mfupi. Mnamo Februari 1996 waraka mwingine ulithibitisha makundi matatu ya anwani za ndani: zile zianzazo na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zile zianzazo na 192.168. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia ilizigawia asasi za kanda mafungu yake ya mwisho. Toleo la sita, lenye anwani za biti 128, ndilo dawa ya kudumu. Lakini suluhisho la muda mfupi la mwaka 1994 bado liko kazini katika shule nyingi, na lidumupo hapana budi lifahamike.

MASWALI MANNE KABLA YA KUGUSA WAYA

Mwanasayansi akutanapo na hitilafu hugawanya njia nzima katika vipande, kisha hukipima kila kipande peke yake, akianzia karibu na kwenda mbali. Programu iitwayo ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, yatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Maswali yenyewe ni manne.

La kwanza: je, kompyuta ya mwanafunzi ina anwani sahihi ya ndani, na je, inalifikia lango? Ikiwa anwani yake yaanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na mgawaji yeyote, bali imejipa yenyewe. Hitilafu basi iko ndani, na tafsiri haihusiki.

La pili: je, lango lenyewe linafika nje? Kama halifiki, tatizo liko kwenye waya au kwa kampuni inayouza huduma, na hapana haja ya kugusa lolote shuleni isipokuwa simu.

La tatu: je, kompyuta ya mwanafunzi inafika nje ikiita kwa namba? Hapa ndipo penye fundo. Ikiwa jibu la swali la kwanza na la pili ni ndiyo, na la tatu ni la, basi mshukiwa mkuu ni lango katika kazi yake ya kupitisha na kutafsiri.

La nne: je, inafika ikiita kwa jina? Kama namba yapita na jina halipiti, kilichokufa ni huduma ya kutafuta majina. Malango mengi yamelaumiwa bure kwa kosa hili.

Swali la tatu likishamshika mshukiwa, hubaki kumhoji. Katika kompyuta ya Linux iliyofanywa lango, ruhusa ya kupitisha pakiti kutoka upande mmoja hadi mwingine huwa imefungwa mpaka mtu aifungue. Pengine kanuni ya kutafsiri imeandikwa kwa upande usio wake, au imelitaja kundi la 192.168.1 peke yake, na shule imefungua chumba kipya kilichopewa kundi la 192.168.2. Pengine kundi la ndani na kundi la upande wa nje ni moja, kwa kuwa kifaa cha kampuni ya huduma nacho kinatafsiri na kimechagua namba zile zile. Lango halijui tena lipi liko ndani na lipi liko nje.

Kuamua kati ya hayo hakuhitaji kubahatisha. Programu ya kunasa pakiti, kama tcpdump, huwekwa pande zote mbili za lango. Pakiti ikionekana inatoka nje ingali na anwani ya 192.168, kanuni haikuigusa. Ikitoka imetafsiriwa na jibu lisirudi, hitilafu iko mbele ya shule. Jibu likirudi hadi langoni lakini lisiingie ndani, chunguza daftari na kanuni za ulinzi.

DAFTARI LILILOJAA

Hitilafu iliyo ngumu zaidi ni ile inayokuja na kuondoka, na ndiyo inayofichwa na desturi ya kuchomoa waya. Tuichukue shule ambayo intaneti yake hufa kila siku ya kazi ipatapo saa nne, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasajili watahiniwa. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: wale waliokwisha kufungua mawasiliano huendelea nayo, lakini anayeanza jambo jipya hukataliwa. Hata ping ya kwenda langoni yaweza kukosa jibu, na mtu akadhani waya umekatika.

Daftari limejaa. Kila lango lina kikomo cha mistari ambayo kumbukumbu yake yaweza kubeba. Namba ya poti nayo ni ya biti 16, yaani thamani 65,536 tu. Kompyuta moja yenye programu haribifu yaweza kufungua maelfu ya mawasiliano kwa muda mfupi. Zaidi ya hayo, karani mwenyewe aweza kuwa mzito wa kufuta: Linux, isipobadilishwa, hutunza mstari wa mawasiliano ya TCP yaliyokwisha kuunganishwa lakini yamekaa kimya kwa muda wa siku tano. Daftari likijaa, lango la Linux huandika katika kumbukumbu zake kwamba limejaa na kwamba pakiti zinatupwa. Ushahidi, basi, upo umeandikwa waziwazi.

Sasa waya unachomolewa. Daftari linafutika, nafasi inapatikana, intaneti inarudi. Orodha iliyoonyesha ni kompyuta ipi iliyoshika maelfu ya mistari imefutika pamoja nalo, na mara nyingi kumbukumbu zile nazo hupotea. Baada ya saa moja daftari limejaa tena. Mkuu wa shule, akiona hali hii kwa wiki tatu, huamua kwamba kisanduku kimezeeka, na fedha zilizochangwa na wazazi hununua kipya. Nacho hujaa vilevile, kwa sababu kompyuta inayougua ingali katika safu ya tatu karibu na dirisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna pia kinyume chake. Fundi akibadili mpangilio wa lango bila kuuhifadhi, mpangilio huo hukaa katika kumbukumbu ya muda tu. Mtu akichomoa waya miezi miwili baadaye kwa sababu nyingine kabisa, hufuta kilichokuwa kinafanya kazi, na shule nzima hubaki kizani ilhali hakuna kilichoharibika.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba mwalimu mwenye kipindi cha dakika arobaini hana muda wa kufanya upelelezi. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake si kumkataza kuchomoa waya. Jibu ni mpangilio wa kazi. Kuandika saa, kompyuta zilizoathirika, majibu ya maswali manne, na idadi ya mistari iliyomo daftarini kama lango laweza kuionyesha, hakuzidi dakika tano. Baada ya hapo kisanduku na kizimwe kama ni lazima. Akiandika kwanza na kuzima baadaye, mwalimu amepoteza dakika tano. Akizima kwanza, amepoteza sababu yenyewe.

Wengine watasema kwamba kazi hii ni ya fundi. Fundi ni muhimu, lakini husafiri kutoka mjini, hulipwa nauli, na hufika siku moja baada ya lango kuzimwa na kuwashwa. Hukuta kila kitu kizima, husubiri kidogo, kisha huondoka. Mgonjwa aliyelazwa huwa na karatasi ya joto la mwili iliyoandikwa na wauguzi saa hata saa. Daktari hategemei kulikuta joto lile lile afikapo. Shule yenye daftari la hitilafu humpa fundi karatasi hiyo, naye huenda akaimaliza kazi kwa simu.

ZOEZI LA KUFANYA SHULENI

Shule isiliache jambo hili kuwa la dharura peke yake. Kompyuta moja kuukuu, ikiongezwa kadi ya pili ya mtandao na kuwekewa Linux, yatosha kuwa lango la mazoezi, mbali na lile linalotumika. Kundi moja la wanafunzi lipande hitilafu kwa siri: lifunge ruhusa ya kupitisha pakiti, au liandike kanuni kwa kundi lisilo lake, au lipunguze ukubwa wa daftari hadi mistari hamsini. Kundi la pili litafute. Sharti liwe moja: kila mara kigeuzwe kitu kimoja tu, tokeo liandikwe, na kisipoleta badiliko kirudishwe kilivyokuwa kabla ya kugeuza kingine. Mwanafunzi wa kemia hulijua sharti hili. Hapa ataona kwamba halikuwa la kemia peke yake.

Mwalimu atakayeanza zoezi hili hahitaji kusubiri kifaa kipya wala mtaala mpya. Ahitaji daftari la kurasa mia, lifungwe kwa kamba kando ya kisanduku kile penye kona, na kalamu juu yake. Juu ya ukurasa wa kwanza aandike maswali manne. Mwanafunzi atakayeunyoshea mkono waya wa umeme atalikuta daftari njiani.